Akiba Huoza

Methali inasema akiba haiozi. Nadhani aliyeitunga alikuwa na fedha kibindoni, maana mwenye mahindi asingethubutu. Mahindi huoza. Kunde hutobolewa zikabaki maganda, na panya hawajapata kuisikia methali hiyo. Tangu mavuno ya Mei hadi Mei nyingine, mkulima wa Dodoma ana mwaka mzima wa kuihangaikia methali isije ikamuumbua. Kwa vizazi vingi, chombo chake cha kazi hiyo kimekuwa kihenge.

Niliwahi kushinda kutwa nikimtazama mzee mmoja akisuka kihenge. Asubuhi yote hakusuka. Alikaa kwenye kigoda, pembeni yake mzigo wa fito za mkole zikiwa bado mbichi, akawa anazichukua moja moja na kuzipinda gotini. Uliolalamika aliutupa upande wa kuni. Uliopinda kimya aliuweka kulia kwake. Kufikia saa sita, lundo la kuni lilikuwa kubwa kuliko lile la kazi, nami nilikuwa nimeanza kumwona mharibifu. Baadaye nilielewa. Kihenge kikijaa kinabeba magunia kadhaa, na ufito mmoja uliopasuka ndani ya msuko hauonekani mpaka siku ubavu unapovimba na nafaka kumwagika usiku.

Alianzia chini, kama mtu anayesuka tenga: fito nene zimesimama, nyembamba zinapita mbele ya moja na nyuma ya nyingine. Kila baada ya mizunguko michache aligonga msuko kwa kipande cha gogo ili fito zishikamane. Katikati alilitanua tumbo, kisha akaanza kulibana kuelekea shingoni. Nilimuuliza mdomo utakuwa na upana gani. Hakutaja kipimo, alinyoosha mkono akanionyesha mjukuu wake wa miaka saba aliyekuwa akicheza uani. Mdomo ni upana wa mtoto, kwa sababu nafaka inapobaki sakafuni ni mtoto anayeshushwa ndani kwenda kuifagia.

Msuko si kihenge bado. Kinakuja kuwa kihenge kinapokandikwa, na hapo kazi ilihamia mikononi mwa wanawake wa nyumba ile. Udongo ulitoka kwenye kichuguu, kwa kuwa mchwa wameshauchuja na kuulainisha kuliko chekeche lolote. Ukachanganywa na mavi ya ng'ombe na maji, ukafunikwa ukalala. Nyuzi za majani zilizomo kwenye mavi hufanya kazi ya kushikilia, udongo ukikauka usichanike ovyo. Hata hivyo huchanika, na ndiyo maana tabaka la kwanza huachwa likauke kabisa mpaka lionyeshe nyufa zake zote, ndipo la pili lizifuate na kuziziba. Nilipenda kuona walivyokuwa wakali zaidi kwa upande wa ndani, ambao hakuna mgeni atakayeusifu. Mmoja wao alipitisha kiganja ukutani akiwa amefumba macho. Ufa unaoupata kwa kidole, fukusi ameshaupata kwa mguu.

Kisha kinapandishwa juu ya mawe, kipate hewa chini na kiwe mbali na mchwa, na kuvikwa paa la nyasi linaloinuliwa kama kofia. Wengine hukiweka juu ya nguzo zilizovikwa bati, panya akipanda ateleze. Na chini ubavuni huachwa tundu la kuchotea, lenye kizibo. Haya ni mepesi.

Kigumu ni kujua lini nafaka imekauka, na hapa ndipo ufundi unapohama kutoka mikononi kwenda kwenye meno. Mama wa nyumba ile aliokota punje tatu kutoka sehemu tatu za turubai, akazing'ata moja baada ya nyingine. Mbili zililia ka. Moja ilibonyea. Mahindi yote yakarudishwa juani siku mbili zaidi, kwa sababu ya punje moja. Wataalamu wa kilimo wanasema mahindi ya kuhifadhi yasizidi unyevu wa asilimia 13 hivi, na asiyeamini meno yake ana njia ya chupa: weka mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, tikisa dakika chache, uangalie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, nafaka bado mbichi. Niliijaribu nyumbani nikaikubali, ingawa inakosa ule uhakika wa jino.

Ukali huu una sababu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu, na 20 kati yao wakafa. Ukungu unaotoa sumu hiyo hukua kwenye nafaka iliyohifadhiwa na unyevu, na sumu yenyewe haiondoki kwa kupika. Tangu nisome habari ile sijawahi tena kumcheka mtu anayeng'ata punje kama mnunuzi wa dhahabu.

Nafaka ikikauka, inachanganywa na majivu yaliyochekechwa, ambayo hukwaruza ngozi ya mdudu na kumnyonya maji mpaka akauke. Wengine huongeza majani makavu ya mwarobaini. Kwa mtama na uwele mambo haya yaliwatosha watu muda mrefu. Kwa mahindi yalitosha mpaka alipofika dumuzi. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kati. Alijulikana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wakampa jina la Scania, lile lori kubwa, kwa jinsi anavyopita ndani ya gunzi akiacha unga nyuma yake. Ubaya wake mwingine ni kwamba anatoboa hata mti mkavu. Maana yake kihenge chenyewe, fito zile zilizochaguliwa asubuhi nzima, kinaweza kuwa nyumba ya adui akisubiri mavuno yajayo. Ndiyo maana mahindi sasa hupukuchuliwa kabla ya kuhifadhiwa, kihenge kitupu hufukizwa moshi na kukandikwa upya, na kaya nyingi zimehamia kwenye viuatilifu au mifuko ya tabaka tatu inayozuia hewa, ambamo mdudu huishiwa oksijeni. Mimi sioni huzuni katika kuhama huko. Mfuko nao unadai ufundi uleule: ukitia mahindi mabichi, umejifungia sumu kwa fundo zuri. Nayo Serikali ilipojenga masilo ya chuma Babati na Sumbawanga, ikayaita vihenge.

Kuna jambo ambalo msuko hauliwezi. Wagogo wa Dodoma wanaikumbuka njaa iitwayo Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920. Ukame ulikuwepo, lakini kabla yake majeshi yalishapita, ya Wajerumani na kisha ya Waingereza, yakichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Vihenge vilikuwa vizima. Vilikuwa vitupu tu.

Nilirudi kwenye nyumba ile mwishoni mwa Oktoba, vumbi likiwa limetanda na mibuyu haina jani. Kihenge kilisimama uani, rangi ya ardhi yenyewe, bila ufa. Nikamuuliza mama wanajuaje kilichobaki bila kuinua paa. Aliniambia kwanza nipige hesabu: watu sita, kilo mbili na nusu kwa siku, gunia la kilo mia linakwenda siku 40. Mwaka ni magunia tisa na kitu, na mbegu haimo humo, mbegu iko kwenye kibuyu juu ya meko, kwenye moshi, haiguswi.

Kisha akainuka, akagonga ubavu wa kihenge kwa kifundo cha kidole. Juu, mlio ulikuwa wa ngoma. Akashuka kidogo, akagonga tena, ngoma. Akaendelea kushuka, akiwa ameinamisha kichwa kama mganga anayesikiliza kifua, mpaka usawa wa nyonga, ambapo mlio ulikufa.

"Hapa, mwanangu, ni pa Desemba," akasema, akiwa ameuacha mkono wake palepale.

Jioni ile, wakati wa kupima unga wa ugali, alijaza makopo manne, akalishika la tano, akalirudisha kwenye ndoo.