Fundi Anayeshusha

Ukitaja ufundi wa magari Arusha, wengi watawaza Land Cruiser za safari: chesisi iliyokatwa na kurefushwa, paa la kunyanyua, springi za nyuma zilizoongezwa majani ili gari lisichuchumae likibeba wageni na mizigo yao hadi Serengeti. Ufundi huo una jina na hauhitaji mtetezi. Ninayetaka kumsifu hapa ni fundi mwingine, anayeweza kuwa kwenye gereji hiyohiyo ya Unga Limited au Sakina, anayeletewa pikapu na kuambiwa aishushe. Kazi yake haina wateja wengi, na waliopo huonekana wahuni wa mjini wanaocheza na fedha. Mimi nadai kwamba kushusha kunapima ufundi wa springi kuliko kupandisha. Anayepandisha anaongeza nafasi kati ya bodi na ekseli, na nafasi husitiri makosa: hesabu ikikosewa kidogo, gari litakaa juu zaidi au litarusha zaidi, na dereva atasema ndivyo magari ya kazi yalivyo. Anayeshusha anaila nafasi hiyo. Akikosea, tairi litakwaruza bodi, breki zitashika vibaya, au springi itagonga mpira wa kuzuia kwenye tuta la kwanza nje ya geti.

Tuanze na kwa nini pikapu iko juu. Hilux ya kubeba tani moja imeundwa kwa ajili ya siku ambayo tani hiyo imo ndani. Siku nyingine zote inatembea mkia juu, springi za nyuma zikiwa hazijabonyea sawasawa. Kila springi ina mdundo wake, na mdundo huo unafuata kiasi ambacho uzito ulio juu yake umeibonyeza. Iliyobonyea sentimita 25 hudunda takriban mara moja kwa sekunde. Iliyobonyea sentimita 6 hudunda mara mbili. Mwili wa binadamu unastarehe karibu na mdundo ule wa kwanza, na magari ya saluni hulenga huko. Pikapu tupu iko mbali na hapo, hasa nyuma, ndiyo maana kwenye changarawe yenye mawimbi mkia wake hurukaruka na kuhama njia. Mwenye pikapu ambayo mwaka mzima inabeba vipuri, kreti za soda na watu wawili anaendesha gari lililopangwa kwa ajili ya mzigo ambao hauji. Hivyo swali la kwanza la fundi mzuri halihusu sentimita ngapi. Anauliza: unabeba nini? Halafu anauliza tena kwa namna nyingine, kwa sababu mteja husema anachotamani kubeba.

Kisha inakuja kazi yenyewe, na hapa nitakaa kidogo. Wapo wanaotoa jani moja tu na kufunga yubolti, wakaita hiyo kushusha. Tatizo ni kwamba majani hayalingani. Ugumu wa jani hupanda kwa unene wake ukizidishwa mara tatu kwa wenyewe, kwa hiyo jani la milimita 8 ni gumu zaidi ya mara mbili ya jani la milimita 6 lenye urefu na upana uleule. Ukisema "toa moja" bila kusema lipi, hujasema kitu. Anayeijua kazi anaifungua springi yote, anasugua kutu, anayapanga majani chini kwa mfuatano wake, kisha analilaza moja juu ya fuawe yenye pengo katikati na kuligonga kwa nyundo kubwa, hatua kwa hatua kutoka katikati kuelekea ncha. Jani likiwekwa tumbo juu, nyundo inazidisha upinde. Likigeuzwa mgongo juu, nyundo ileile inaupunguza. Kupandisha na kushusha kunatofautiana kwa kugeuza chuma tu, ila baada ya hapo jicho linakuwa na kazi zaidi. Kila jani fupi linatakiwa lipinde zaidi kidogo kuliko refu lililo juu yake, ili yakibanwa pamoja yakumbatiane hadi nchani. Fundi anayapachika mawili mawili na kutazama mwanga unaopita kati yao. Mwanga ukionekana nchani, majani mafupi hayatasaidia kitu pale. Jani la kwanza, lile refu lenye macho, litabeba peke yake na siku moja litakatika kwenye tundu la senta bolti. Yote hayo hufanywa kwa baridi. Wa njia ya mkato huwasha gesi na kulipasha jani mpaka liwe jekundu, nalo linakunja kirahisi kama bati. Lakini chuma cha springi kimekomazwa kwa kuchomwa, kuzimishwa ghafla, kisha kupashwa tena kwa kipimo. Ukikifanya chekundu na kukiacha kipoe chenyewe, ukomavu umekwisha, na kushuka kwa gari hakutakoma pale ulipotaka.

Njia nyingine haigusi majani kabisa, na ndiyo ninayoipenda zaidi kwa sababu inaonyesha akili kuliko misuli. Chukua kipande cha chuma cha unene wa vidole vitatu, ukiweke kati ya springi na ekseli, ukaze kwa yubolti ndefu. Kwa gari ambalo springi imekaa juu ya ekseli, kipande hicho kinapandisha bodi. Kwa gari ambalo springi imepita chini ya ekseli, kipande hichohicho kinaishusha. Asiyeinama kutazama chini ya gari kabla ya kukata chuma atampa mteja kinyume cha alichoomba. Na bado kazi haijaisha, kwa njia yoyote kati ya hizo mbili. Springi iliyonyooshwa kwa nyundo imekuwa ndefu kidogo kutoka jicho hadi jicho, hivyo pingili inayoining'iniza kwa nyuma imelala. Shokapu za zamani sasa ziko karibu kujibana mwisho. Pembe ya propela imebadilika. Halafu kuna fimbo nyembamba ambayo wengi huipita bila kuiona. Katika pikapu nyingi za Kijapani fimbo hiyo inaunganisha ekseli ya nyuma na vali ya breki iliyo kwenye chesisi. Bodi ikishuka kwa mzigo, fimbo inaiambia vali iongeze nguvu ya breki za nyuma. Ishushe pikapu bila kuigusa fimbo, na vali itaamini siku zote kwamba gari limejaa. Siku ya mvua, kwenye mteremko wa kutoka Ilboru, dereva atakanyaga breki na magurudumu ya nyuma yatafunga kabla ya yale ya mbele. Kwa kuwa pikapu iliyopandishwa hupata kasoro ya upande wa pili, breki dhaifu za nyuma ambazo dereva huzizoea taratibu, kosa la anayepandisha linaweza kuishi miaka. La anayeshusha linajitangaza.

Kuna atakayesema kwamba barabara zetu hazitaki gari la chini. Zipi? Njia nne ya kutoka Sakina hadi Tengeru, ile ya kilomita 14 iliyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, pamoja na mchepuo wa mji, vimebadilisha maisha ya pikapu nyingi za Arusha. Pikapu inayotoka Soko la Kilombero kwenda maduka ya Usa River haikanyagi jiwe. Tena wanaohofia kima hicho mara nyingi hawajui kinachogusa chini kwanza. Kwenye pikapu ya ekseli nzima, sehemu ya nyuma iliyo karibu zaidi na ardhi ni difu, na kima cha difu kinatokana na ukubwa wa tairi. Ushushe bodi sentimita 5 au 8, difu inabaki palepale. Kinachosogea chini ni tumbo na pua, na huko ndiko matuta ya mjini yatakakodai haki yao. Hapo sina ubishi. Wala sina ubishi kuhusu njia ya Ngare Nanyuki yenye vumbi na mawe ya volkano, au vijia vya Ilkiding'a wakati wa masika. Mwenye shamba huko akiomba ashushiwe, fundi anayestahili sifa ninayoimwaga hapa atamkatalia.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwa watu wazima: huo ni urembo wa vijana wa Chuga, yaani Arusha, hauna tija. Urembo upo, na sioni aibu yake. Huko Los Angeles vijana wenye asili ya Mexico walishusha magari yao hadi California ikaweka sheria, mwaka 1958, kwamba sehemu ya bodi isiwe chini ya rimu. Mwaka uliofuata Ron Aguirre akaweka haidroliki kwenye Corvette yake ili aishushe na kuipandisha kwa swichi. Sheria ile iligusa hasa tatizo la fundi, kwani ilidai kima kiwe na mpaka unaopimika. Lakini tuseme tunaacha urembo pembeni. Chukua gari lenye upana wa mita 1.5 kati ya tairi na tairi, na kitovu cha uzito kilicho sentimita 75 kutoka ardhini. Kishushe hadi sentimita 70, na uwezo wake wa kukataa kupinduka kwenye kona unapanda kwa takriban asilimia 7, kabla hujagusa kitu kingine. Kisha mtazame mama wa Tengeru siku ya soko akipandisha mikungu ya ndizi nyuma ya pikapu. Sentimita 8 ndizo zinazoweza kuamua kama mkungu unasukumwa kwa kiuno au unanyanyuliwa juu ya bega.

Ila anayebeba lumbesa za viazi kila wiki asidanganywe na hesabu hizo. Kwa gari lake, majani yakipunguzwa springi italala kwenye mpira wa kuzuia, na kipande cha chuma, ingawa kinaacha ugumu wa springi kama ulivyokuwa, kinakula safari yake ya kupanda na kushuka. Kwake jibu ni sentimita tatu, au hakuna. Upande huu wa kazi haulipwi. Mteja analipia nyundo, yubolti na siku nzima ya vumbi. Shauri la kutoshusha, au la kushusha nusu ya alichotaka, analipata bure na mara nyingine anaondoka nalo kwa hasira kwenda gereji ya pili yenye gesi.

Na hata aliyekubali bado anadaiwa safari moja. Majani yaliyogongwa hutulia baada ya siku kadhaa za barabarani. Upande wa dereva, unaobeba mtu kila wakati, unaweza kutangulia kidogo. Yubolti lazima zikazwe upya, kima kipimwe kwenye kila gurudumu, alaimenti ya mbele iangaliwe kabla tairi halijaliwa upande. Fundi humwambia mteja arudi baada ya wiki moja. Wengi hawarudi, maana gari tayari limekaa walivyolitaka.