Spea haikadiriwi

Wiki mbili zilizopita nilimpelekea fundi wangu wa Changamwe pedi za breki nilizonunua Kisauni. Boksi lilikuwa na stika ya kuonyesha kwamba bidhaa imekaguliwa. Akatoa moja, akaipachika, akaichomoa.

"Mwalimu, hizi hazikai. Nikikufungia zitacheza."

Nikamwonyesha stika.

"Stika naiona. Lakini hazikai."

Pesa zikaenda. Ila neno lake, kukaa, nilirudi nalo nyumbani, kwa sababu limetimiza kazi ambayo maneno yetu ya gazetini yameshindwa kuitimiza.

Magazeti ya Kiswahili nchini, hili likiwamo, huiita KEBS Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa. Tumelizoea jina hilo hata hatulisikii tena. Lakini kukadiria si kupima. Unakadiria watu waliojazana kwenye feri ya Likoni. Kipenyo cha bomba la breki hukikadirii, ama sivyo utakiona cha mtema kuni pale mteremkoni. Wenzetu walilikwepa tatizo hili mapema: Tanzania wana Shirika la Viwango, Zanzibar wana Taasisi ya Viwango. Kiwango ni kitu kilichowekwa, unakifikia au hukifikii.

"Ubora" nao una kasoro yake, ingawa umeshaota mizizi na sidhani tutaung'oa. Bora hulinganisha: hiki kinakishinda kile. Kiwanda cha magari hakitafuti spea inayozishinda nyingine. Pedi nene kupita kiasi hukataliwa sawasawa na ile nyembamba.

Tuseme mtu wa springi hapa Changamwe ataka kuviuzia viwanda vinavyounganisha magari, kama kile cha Associated Vehicle Assemblers cha Miritini (siku hizi ni Jomvu, ila sisi wa zamani bado twaihesabu Changamwe), kinakounganishwa Toyota Land Cruiser na malori ya Scania. Akisikia "ubora", atakaa usiku kucha aing'arishe springi moja hadi ipendeze macho. Kumbe sivyo anavyopimwa mwenye kuuzia viwanda vya magari. Utaratibu ulioanzishwa na Ford, General Motors na Chrysler katika miaka ya 1990, na kuenea mbali tangu hapo, humtaka atengeneze angalau vipande 300 mfululizo, isipokuwa mteja aseme vingine, kwa mashine zile zile na mikono ile ile ya kila siku. Hapo ndipo huchukuliwa baadhi vikapimwa dhidi ya mchoro. Toleo la 2006 lina mambo 18 ya kutimizwa, na mojawapo ni kuonyesha kwamba hata chombo cha kupimia chenyewe hakidanganyi. Yote hayo sisi twayaita "kukadiria ubora"!

Kiswahili hakina ufukara wa maneno hapa. Kukagua ni kutazama kwa makini. Kupima kunajulikana. Kuthibitisha ni kuleta ushahidi, na kuidhinisha ni mwenye mali kutoa ruhusa, sasa lete. Mtu wa springi akiambiwa bidhaa yake "haina ubora" atasikia tusi, pengine atashuku kuna mkono wa mtu. Akiambiwa imepimwa ikazidi mchoro kwa milimita mbili, anajua arudi kwenye tanuru au kwenye nyundo. Ajira za vijana wake zimo ndani ya tofauti hiyo.

Najua nitajibiwa kwamba maana ya neno huamuliwa na watumiaji, na watumiaji wameshaamua. Kwa "ubora" nakubali, shingo upande. Kwa "kukadiria" siwezi, kwa kuwa watumiaji hao hao wakiwa sokoni bado hulitumia kwa maana ya kukisia. Ni sisi wa gazetini tuliolipa kazi isiyo yake.

Wazee wa Mwambao wana neno chenezo, kijiti au kamba inayokatwa kwa urefu wa kitu ili kingine kifanywe sawa nacho. Wengi walijua kwa shughuli za makaburi tu, na labda ndiyo sababu watunga istilahi waliliogopa. Mimi nikirudi Kisauni nitatia pedi kuukuu mfukoni, niweke mpya juu yake pale pale kaunta kabla sijalipa. Hicho ndicho chenezo changu.