Gitaa la Kati

Mzee aliyecheza dansi enzi za Zaire atakuambia kwamba bendi za leo ni kelele tupu. Kijana wa Bunia, mji wetu katika jimbo la Ituri, aliyezaliwa baada ya vita atamjibu kwamba nyimbo za Franco ni ndefu mno na zinachelewa kuchangamka. Ubishi huo hauishi, kwa sababu kila upande unatetea ujana wake. Mimi nataka kuuamua kwa kipimo kimoja ambacho wengi hukipita bila kukitazama: gitaa linalopigwa katikati, baina ya ridhimu na solo. Sisi Wakongo tunaliita mi-solo. Ukitaka kujua kama bendi changa imerithi kitu cha kweli kutoka kwa magwiji wake, mwache kwanza mwimbaji, mwache hata mpiga solo, usikilize pale kati.

Ubishi wenyewe umezunguka dunia nzima. Februari 2019 bendi ya Greta Van Fleet, vijana wa mji mdogo wa Frankenmuth katika jimbo la Michigan, Marekani, ilipata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya roki. Mashabiki walishangilia, wahakiki wengi walikunja uso wakasema hao ni nakala ya Led Zeppelin. Lakini Led Zeppelin nao, walioanza London mwaka 1968, walijijenga juu ya bluzi za Wamarekani weusi, na Rolling Stones, walioanza mwaka 1962, walichukua hata jina lao kutoka katika wimbo wa Muddy Waters. Kuiga hakujawahi kuwa kosa katika muziki; kila fundi alianzia hapo. Swali ni kijana ameiga nini. Ameiga mlio wa gitaa la mzee, au ameiga sikio lake?

Ili swali hilo lieleweke, inafaa kuona wimbo wa Kikongo unavyojengwa. Besi huweka msingi kwa noti fupi, zenye kishindo, huku ikiacha ukimya baina yake ili ngoma zipate pa kupumua. Ridhimu, ambayo wanamuziki wetu huiita pia akompanyema, hushika njia ya wimbo na kuirudia bila kuchoka. Solo hupanda juu, hupamba, humjibu mwimbaji, na ndiyo inayompa mpigaji jina mjini. Kati ya ridhimu na solo hubaki pengo, na humo ndimo mi-solo hukaa. Hupiga kifungu kifupi cha noti chache, hukirudia mara kumi, mara ishirini, halafu hubadilisha noti moja tu. Mchezaji aliye ukumbini huenda asijue ni nini kilichobadilika, lakini kiuno chake kinajua.

Mafundi wetu walilishughulikia pengo hilo hata kwa kulibadilisha gitaa lenyewe. Katika mtindo ulioitwa mi-composé, uzi wa nne wa kawaida huondolewa, na mahali pake huwekwa uzi mwembamba unaolia oktavu moja juu. Kwa badiliko hilo dogo gitaa moja husikika kama mawili, na katikati ya wimbo hujaa mlio mwembamba unaometa ambao msikilizaji wa Nairobi au wa Dar es Salaam huutambua mara moja kuwa ni wa Kongo, hata kabla mtu hajafungua kinywa kuimba.

Kisha linakuja sebene. Waimbaji husogea pembeni, maneno huisha, na magitaa hubaki yenyewe. Hapo ndipo utakapomwona fundi. Magitaa matatu yenye sauti zinazokaribiana yanaweza kugombana vibaya sana: kila moja likitaka kusikika, ukumbi husikia vurugu na wachezaji huanza kukaa. Fundi wa mi-solo anajua noti ambazo mwenzake wa ridhimu amekwisha kuzipiga, anajua mahali solo inapotaka kwenda, naye anaweka zake pale ambapo hakuna mtu. Kazi ngumu kuliko zote kwake ni kuuzuia mkono. Mwanafunzi wa gitaa hujifunza kupiga haraka kwa miezi. Kujua wakati wa kuacha humchukua miaka, na wako wasiojifunza kamwe.

Ufundi huu una wazee wake. Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya huko Katanga, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 mjini Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Aliimba kwa Kiswahili na kupiga gitaa kavu peke yake, kwa kidole gumba na cha shahada. Gumba lilishika besi, shahada ikashika wimbo, na katikati yao ikazaliwa sauti ya tatu ambayo msikilizaji huutafuta mkono unaoipiga asiuone. Mtu mmoja alikuwa okestra nzima, na vidole vyake vilikuwa vimekwisha kugawana kazi kwa haki.

Mjini Kinshasa, iliyokuwa bado ikiitwa Léopoldville, kazi hiyo ikagawanywa kwa watu. Katika African Jazz ya Grand Kallé, Nico Kasanda, aliyepewa jina la Docteur Nico, alipiga solo, na ndugu yake Dechaud akampigia ridhimu. Nico amesifiwa kila mahali penye mtu anayependa gitaa, na anastahili. Dechaud hutajwa baadaye, kama nyongeza. Lakini sikiliza santuri zao kwa makini: ndugu mdogo anaruka kwa uhuru kwa sababu ndugu mkubwa amesimama imara. Upande wa pili wa mji, OK Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1956, ilikuwa na Franco, aliyekwanyua nyuzi mbili kwa pamoja na kulirefusha sebene kuliko wote waliomtangulia. Tunamkumbuka Franco, aliyefariki mwaka 1989. Tukumbuke pia kwamba Lutumba Simaro, mtunzi wa “Mabele” na mmoja wa washairi wakubwa wa muziki wetu, kwa miaka mingi alikaa kwenye ridhimu ya bendi hiyo hiyo. Mwenye maneno mazito kuliko wengi alichagua gitaa lisilojionyesha.

Sasa tuje kwa vijana, maana hata magwiji walikuwa vijana. Tarehe 24 Desemba 1969, jijini Kinshasa, lilizaliwa kundi la Zaïko Langa Langa. Hawakuwa wanamuziki wazoefu. Walikuwa vijana wa rika la wanafunzi, na miongoni mwao alikuwamo Papa Wemba. Walitaka kasi na nguvu ya umeme, kama vijana wenzao wa Ulaya na Marekani waliokuwa na roki na soul. Wakaziondoa saksofoni na tarumbeta, ambazo okestra za wazee zilizihesabu kuwa ndiyo heshima ya muziki wenyewe. Mpiga ngoma Meridjo Belobi akaleta mdundo wa kavasha, mkali na wa kukimbia, ambao haukuchukua muda kuvuka mipaka hadi kwenye kumbi za Nairobi. Kwa masikio ya waliolelewa na African Jazz, hizo zilikuwa fujo.

Lakini tazama walichokiacha na walichokishika. Waliacha upepo, wakashika nyuzi. Pengo lililoachwa na saksofoni wakalijaza kwa magitaa, na Manuaku Waku, aliyekuwa bado kijana mdogo sana, akapiga solo iliyokuwa ikizungumza na mi-solo bila kuikanyaga. Kasi iliongezeka, na kusikilizana kukaongezeka pia, kwa sababu kadiri wimbo unavyokimbia ndivyo kosa dogo la mtu mmoja linavyowaangusha wote. Ndiyo maana nasema Zaïko walikuwa warithi halisi wa wazee waliowakasirisha. Na leo, zaidi ya nusu karne baadaye, Nyoka Longo bado anaiongoza bendi hiyo, na wazee wa Bunia wanaitumia Zaïko kama fimbo ya kuwachapia vijana wa sasa. Waliolaumiwa jana ndio kipimo cha leo.

Mtu wa Ituri ana sababu yake mwenyewe ya kuuelewa ufundi huu. Huko Mahagi, Waalur wana baragumu za agwara. Kila baragumu hutoa noti yake, na hakuna mpulizaji hata mmoja mwenye wimbo mzima. Wimbo upo tu pale wote wanapopuliza kwa zamu, kila mtu akiingia mahali pake. Katika msitu wa Mambasa, Wambuti huimba kwa namna hiyo hiyo kwa koo zao: sauti moja inaanza, ya pili inaingia mwanya ulioachwa, ya tatu inazisuka zote mbili, na hakuna anayeongoza kwa kuwazidi wenzake nguvu.

Mwaka 1977 Marekani ilirusha angani vyombo viwili vya Voyager, kila kimoja kikiwa na santuri iliyopakwa dhahabu yenye muziki uliochaguliwa kuiwakilisha dunia. Katika santuri hiyo umo wimbo wa unyago wa wasichana wa Kimbuti, uliorekodiwa na Colin Turnbull, mtafiti aliyeishi na Wambuti wa Ituri. Na katika santuri hiyo hiyo umo “Johnny B. Goode” wa Chuck Berry, gitaa la roki lenyewe, lile lililowafundisha vijana wa Kiingereza. Sisemi kwamba Dechaud au Manuaku walijifunza kwa Wambuti. Nasema kwamba kijana wa Bunia anayelishika gitaa la umeme hana haja ya kuchagua baina ya urithi wa msitu na roki. Vyote viwili vinasafiri pamoja, nje ya sayari zote.

Wako waliokwisha kuonyesha njia. Jupiter Bokondji alitumia sehemu ya ujana wake Berlin Mashariki, ambako baba yake alikuwa mwanadiplomasia, na huko akaipenda roki. Aliporudi Kinshasa aliisikiliza midundo ya makabila ya Kongo, akaunda Okwess mwaka 1990, na magitaa ya bendi hiyo yanauma kama ya roki yoyote huku ngoma zikiwa za nyumbani kabisa. Karibu zaidi nasi, Flamme Kapaya, aliyepata jina katika Wenge Musica Maison Mère ya Werrason, mwaka 2009 alishirikiana na Faustin Linyekula wa Studios Kabako ya Kisangani katika onyesho la more more more… future, wakaichanganya ndombolo na hasira ya punk. Hao hawakuuliza ruhusa ya wazee, wala hawakuwatupa. Walichukua sikio lao, wakalipeleka mahali papya.

Hali ya Bunia si nyepesi. Vita vya 1999 hadi 2003 viliugawa mji kwa makabila, mtaa kwa mtaa, na tangu Mei 2021 jimbo limewekwa chini ya utawala wa kijeshi kwa sababu mauaji vijijini hayajakoma. Katika mazingira hayo bendi hukosa umeme, hukosa vifaa, na usiku, ambao ndio saa ya muziki, si wa kuaminika. Hata hivyo gitaa halijanyamaza. Vijana wengi hujifunzia kanisani, penye vifaa vya pamoja na jenereta, na Jumapili asubuhi utasikia nyimbo za injili zenye sebene ambalo Franco angelitambua. Anayelipiga huenda hajawahi kumsikia Dechaud kwa jina. Amejifunza kwa kaka yake wa kwaya, ambaye naye alijifunza kwa mwingine, na mnyororo haukukatika.

Hofu yangu kwa vijana haitokani na kelele. Kelele ni haki ya ujana. Ninachokihofia ni kwamba kinanda cha umeme na programu ya simu zinaweza kulijaza pengo la kati kwa kubonyeza kitufe, na bendi ikabaki na mwimbaji, solo na mashine. Mashine hupiga bila kukosea, lakini haimsikii aliye kando yake. Haitapunguza mkono kwa sababu mpiga ngoma amechoka, wala haitapanda kwa sababu ukumbi umewaka moto. Bendi inayompoteza mpiga mi-solo inapoteza mtu ambaye kazi yake yote ni kuwasikia wengine, na mji kama wetu hauna watu wa namna hiyo wa kupoteza.

Tarehe 14 Desemba 2021 UNESCO iliiingiza rumba ya Kongo katika urithi wa binadamu. Heshima hiyo tuliistahili, na kuitunza ni kazi ya mikono. Basi nawaomba wazee mlio na santuri na kanda: zileteni, wapigieni vijana, na muwaonyeshe Dechaud yuko wapi ndani ya wimbo wa Nico. Nawaomba viongozi wa kwaya: mkimpata kijana anayejua kunyamaza kwa wakati wake, msimhamishie kwenye solo kama zawadi, mwacheni pale kati, na mumsifu pale pale. Nanyi vijana, igeni bila aibu, pigeni haraka na kwa ukali mtakavyo. Bendi yenye gitaa la kati linalosikiliza ni mrithi halali, hata kama wazee wake hawaipendi. Na bendi isiyo nalo, hata ikizipiga nyimbo za Franco noti kwa noti, haijarithi kitu.