Yopougon Isiyo na Mashujaa: Lugha ya Kiputo katika Aya na Suala la Tafsiri yake kwa Kiswahili

Hadithi za picha hutajwa kwa nadra katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, na zinapotajwa huhusishwa ama na watoto, ama na mashujaa wenye barakoa warukao juu ya maghorofa ya New York. Mtazamo huu ni wa wasomi kuliko wa wasomaji. Aliyezoea kununua Sani katika vibanda vya magazeti vya Dar es Salaam hakuhitaji kufundishwa kwamba katuni yaweza kusimama bila shujaa. Gazeti hilo, ambalo jina lake limeundwa kwa silabi za mwanzo za majina ya waasisi wake, Saidi na Nico, lilimlea msomaji wake kwa visa vya Madenge, Pimbi na Ndumilakuwili, watu wasio na uwezo wowote wa ajabu. Jina la Lodi Lofa peke yake ni hadithi nzima: neno la kwanza lampandisha mtu kwenye ulodi, la pili lamrudisha kijiweni. Huko Kenya, Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo alikuwa na sifa moja kuu, nayo imo ndani ya jina lake. Kwa hiyo, mhakiki wa Kiswahili anayedhani amegundua katuni isiyo na shujaa amechelewa kufika mahali ambapo wauza magazeti wamekaa miaka mingi.

Hata hivyo, iko kazi moja ya nje inayostahili kusomwa sambamba na mapokeo hayo. Aya de Yopougon, iliyoandikwa na Marguerite Abouet na kuchorwa na Clément Oubrerie, ilianza kutolewa na Gallimard mwaka 2005, na mwaka 2006 ilipata tuzo ya kitabu cha kwanza katika tamasha la Angoulême, Ufaransa. Abouet alizaliwa Abidjan mwaka 1971 na kuhamia Ufaransa akiwa na umri wa miaka 12. Hadithi inaanza mwaka 1978 katika mtaa wa Yopougon, ambao vijana wake wanauita Yop City. Aya, msichana wa miaka 19, anataka kuwa daktari. Rafiki zake, Adjoua na Bintou, wanataka kucheza muziki na kupendwa. (Msomaji wa Kiswahili hana budi kuzoea jina la mhusika mkuu, maana kwake aya ni ya kitabu kabla ya kuwa ya mtu.) Hakuna vita wala njaa. Kuna tangazo la bia kwenye televisheni, kuna baba anayefanya kazi katika kampuni ya bia hiyo, na kuna meza tupu za soko ambazo usiku hugeuka mahali pa wapenzi, wenyewe wakipaita hoteli ya nyota elfu.

Utamu wa kazi hii umo katika viputo vya maneno. Chukua mzaha mmoja wa mwanzoni. Katika shule za Kodivaa, kama ilivyo Ufaransa, mfululizo wa masomo ya hisabati na fizikia ulijulikana kwa herufi C. Aya anawasimanga rafiki zake kwamba wao nao wamechagua C yao: ususi, ushonaji na kuwinda mume, mambo ambayo kwa Kifaransa yote huanza kwa herufi hiyo. Mfasiri wa Kiswahili huona njia rahisi mbele yake, kwani ususi, ushonaji na uwindaji vyote vinaanza na U. Njia hiyo inapoteza. U hii ni kiambishi cha ngeli. Maneno elfu yanaanza nayo, wala msikilizaji hashtuki kuisikia. Mzaha wa Abouet unachekesha kwa sababu herufi ya heshima ya shule imevishwa kazi za saluni. Kinacholingana nao kwa Tanzania ni tahasusi za kidato cha tano, zile PCM na HKL zinazobebwa kama vyeo. Aya wa Kiswahili angesema kwamba wenzake wanachukua SUM, yaani Saluni, Ushonaji, Mume. Herufi zimebadilika zote na mzaha umebaki mzima.

Ugumu mkubwa zaidi uko mwishoni mwa sentensi. Kifaransa cha Abidjan hupenda kufunga kauli kwa vijineno kama dêh, ambavyo havina maana ya kikamusi lakini hubeba msisitizo, mshangao na kejeli. Kiswahili kina utajiri wa aina hiyo: ati, bwana wee, jamani, mwenzangu. Tatizo ni kwamba vya Kiswahili hubagua. Mwenzangu si neno la kumwambia baba, na jamani hudai kundi la watu au walau huruma yao. Kijineno kimoja cha Abidjan chaweza kuhitaji vitatu vya Dar es Salaam, kila kimoja kwa mtu wake, na salamu ya shikamoo ikiongezwa pale ambapo Kifaransa hakikuwa na chochote. Hapa tafsiri hulazimika kuamua uhusiano wa watu ambao matini ya asili iliuacha wazi.

Kwa bahati, mchoro husaidia. Oubrerie huchora mikono, viuno na macho yanayokwepa kwa namna inayofanya baadhi ya maneno yasiwe na kazi. Adjoua anapojifungua mtoto anayedaiwa kuwa wa Moussa, mwana wa tajiri Bonaventure Sissoko, ushahidi wa kwanza ni sura ya mtoto. Msomaji hulinganisha nyuso mwenyewe na kumfikiria Mamadou. Riwaya ya maneno matupu ingelazimika kusema kwamba mtoto hafanani na Moussa, na kwa kusema huko ingekuwa imeshamshitaki mama. James Gayo ameifikisha mbali mbinu hii katika vibonzo vya Kingo, ambavyo mara nyingi havina neno hata moja. Wapo watakaotaka kuongeza kanga katika nasaba hii, kwa kuwa nayo huunganisha picha na jina. Hoja hiyo inavutia, lakini kanga haina kisanduku cha pili. Husema mara moja na kunyamaza, ilhali hadithi ya picha huishi katika nafasi iliyo baina ya kisanduku na kisanduku.

Aya ina kasoro, na iliyo kubwa ni Aya mwenyewe. Amepewa akili na maadili mengi kiasi kwamba hakubakiwa na kosa la kufanya. Makosa wamegawiwa rafiki zake, nao ndio wanaokumbukwa. Tena, Kodivaa ya 1978 ilikuwa nchi ya chama kimoja, na katika kitabu cha kwanza jambo hilo limewekwa mbali sana na barazani. Ucheshi haukulazimika kuogopa hivyo.

Linabaki swali la Kiswahili kipi. Kiswahili sanifu cha vitabu vya shule kingemfanya Bintou azungumze kama mkaguzi wa elimu. Sheng ya Shujaaz, jarida lililoanza Nairobi mwaka 2010, ina uhai, lakini ni ya vijana wa zama nyingine. Kuiweka katika vinywa vya watu wa 1978 ni sawa na kuwapa simu za mkononi. Mfasiri anahitaji mazungumzo ya mtaani ya mwishoni mwa miaka ya 1970, jinsi vijana walivyotaniana, walivyotongozana na walivyodanganya wazazi. Kamusi hazikuyaweka. Riwaya za wakati huo ziliyasafisha kabla ya kuyachapa. Yamo katika viputo vya Sani ya miaka hiyo, na nakala nyingi za Sani ya miaka hiyo ziliishia kufungia karanga. Zilizonusurika zimo katika masanduku ya watu binafsi, nazo zinahitaji kutafutwa sasa, wenye masanduku wakiwa bado hai na wakikumbuka nani alimwambia nani maneno gani, na kwa sauti ipi.