Kufuli au Komeo? Uhakiki wa Tafsiri ya Maelekezo ya Kiinua Gari

Tumepata kusoma rasimu ya tafsiri ya kijitabu kimoja cha Kimarekani kinachomweleza mwenye nyumba jinsi ya kuchagua na kufunga mtambo wa kuinulia gari nyumbani kwake. Hatutamtaja mfasiri, kwa kuwa makosa tutakayoyaonyesha si yake peke yake. Yamo katika tafsiri nyingi za kiufundi. Katika hadithi, neno likikosewa msomaji hukosa utamu. Hapa likikosewa, gari zima laweza kumwangukia mtu.

Tuanze na jina la mtambo wenyewe. Mfasiri ameandika "lifti ya gari". Kwa msomaji wetu, lifti ni chumba kinachowapandisha watu ghorofani, au ni hisani ya kuchukuliwa njiani na mwenye gari. Neno "jeki" nalo limekwisha kuwa na kazi yake: ni kile kifaa kidogo tunachokitumia gurudumu linapopata pancha. Twapendekeza "kiinua gari", kwa mfano wa "kiinua mgongo", neno ambalo kila mtumishi wa serikali analifahamu. Vivyo hivyo "gereji ya nyumbani". Gereji kwetu ni mahali pa mafundi. Mahali pa kulaza gari nyumbani ni banda la gari.

Pili, vipimo. Rasimu yasema mtambo una "uwezo wa pauni 9,000". Pauni twaijua kuwa ni fedha, na msomaji atadhani ametajiwa bei. Pauni ya uzito ni ratli. Lakini kwa kuwa siku hizi twapima kwa kilo, ingefaa kuandikwa kilo 4,080 hivi. Isitoshe, katika kiinua gari cha nguzo mbili uwezo huo hugawanywa kwa mikono minne, kila mkono robo yake, yaani kilo 1,020. Gari lisilofikia kilo 4,080 laweza basi kuuelemea mkono mmoja, endapo uzito wake umelalia upande mmoja. Jambo hili halina budi kuelezwa waziwazi.

Tatu, sakafu. Twasoma kwamba zege "liponywe kwa siku 28". Zege si mgonjwa. Mwashi hulimwagilia maji na kuliacha likomae, na siku 28 ndio umri ambao nguvu ya zege hupimwa kwa kawaida. Tena nguzo zimeambiwa zishikwe na "nanga". Nanga hung'olewa kila safari inapoanza, ilhali hizi ni bolti za sakafuni, ambazo kazi yake ni kutong'oka. Zikifungwa katika zege changa au jembamba, zaweza kutoka pamoja na nguzo.

Sasa tufike kwenye kosa kubwa kuliko yote. Gari likiisha kupanda hadi kimo kinachotakiwa, halipaswi kuachwa likishikiliwa na mafuta yaliyosukumwa na pampu. Hushushwa kidogo mpaka uzito wake uegemee vyuma vya usalama vilivyomo ndani ya nguzo. Mpira wa mafuta ukipasuka, vyuma hivyo ndivyo vitakavyolizuia gari. Mfasiri ameviita "kufuli", akaandika: "Shusha gari, kisha funga kufuli." Msomaji atalishusha gari hadi chini na kutafuta ufunguo, au, vibaya zaidi, atadhani kufuli ni la kuwazuia wezi, alipuuze, aingie chini ya gari lililoshikiliwa na mafuta matupu.

Kufuli humzuia mtu asiye na ufunguo. Chuma hiki huzuia uzito, kama komeo linavyouzuia mlango usisukumwe. Twapendekeza "komeo la usalama", na sentensi iwe hivi: "Gari likiisha kupanda, lishushe kidogo mpaka uzito wote uegemee makomeo ya usalama. Usiingie chini yake kabla ya hapo."

Haki yatudai tuseme pia yaliyo mema. "Nguzo mbili" na "nguzo nne" ni maneno safi, na maelezo ya kuchagua baina yake ni sahihi: mtambo wa nguzo mbili hulishika gari kwa tumbo na kuyaacha magurudumu huru kwa matengenezo, wa nguzo nne hulibeba likiwa limesimama kwa magurudumu yake, hivyo wamfaa anayetaka kuweka gari moja juu ya jingine. Hapa mfasiri alikitazama kitu chenyewe. Kwingineko alilitazama neno la Kiingereza tu.

Peter Lunati, aliyevumbua kiinua gari cha mafuta huko Memphis, Marekani, mwaka 1925, alipata wazo lake kutokana na kiti cha kinyozi kinachopanda na kushuka. Alianza na kitu alichokijua, akakipa kazi mpya. Mfasiri naye afanye hivyo hivyo kwa maneno: komeo, banda na kukomaa yamo vinywani mwetu siku zote.

Ni rai yetu kwamba maelekezo ya aina hii yasipigwe chapa kabla hayajasomwa kwa sauti mbele ya fundi aliyesimama penye mtambo. Akitenda kinyume cha ilivyokusudiwa, kosa si la fundi. Tafsiri na irudi mezani.