Kanda ya Mjomba: Je, Kelele za Ukumbini ni Sehemu ya Wimbo?

Katika makala haya ninakusudia kuhakiki kazi ambayo haina mwandishi, haina mchapaji, wala haimo katika orodha yoyote ya vitabu vya kiada. Ni kaseti ya dakika tisini. Juu yake imeandikwa kwa kalamu ya wino: Sikinde, DDC Kariakoo, 1992. Aliyeirekodi ni mjomba wangu, mfanyabiashara wa mboga wa Soni, Lushoto, ambaye miaka ile alikuwa akishuka na lori la kabichi na karoti kupitia Mombo hadi soko la Kariakoo. Akishauza mzigo, Jumapili halali mpaka ameingia dansini. Siku hiyo aliingia na redio kaseti yake, akaiweka mezani katikati ya chupa, akabonyeza.

Naanza na ugomvi, maana ndio ulionifanya niandike. Kanda hii niliipeleka semina ya fasihi simulizi iwe ndiyo matini yangu. Aliyeongoza semina akaniambia, kwa upole tu, kwamba kazi ya kuhakikiwa ni wimbo, na wimbo huo upo, ulirekodiwa vizuri na Radio Tanzania, maneno yote yanasikika. Hiki nilicholeta ni makelele ya baa. Niyanakili maneno, niyapange katika beti, kisha nijadili fani na maudhui. Nilifanya hivyo na alama nikapata. Kuridhika sikuridhika, na hadi leo bado.

Ndugu msomaji, Sikinde unaijua. Mlimani Park Orchestra ilianza mwaka 1978, na mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, yaani DDC. Waanzilishi wake hawakuwa wanagenzi. Muhidin Maalim Gurumo alitoka katika bendi ya Juwata, ile iliyozaliwa mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz. Michael Enoch naye alikuwa na jina tangu enzi za Dar es Salaam Jazz. Kwa hiyo mwaka 1992 tunazungumzia kundi la wakongwe, watu wanaojua mpigo mmoja wa ngoma utamnyanyua nani kwenye kiti.

Sisi wa milimani tuliwajua kwa redio. Bendi ilikwenda studio za Radio Tanzania, maneno yakakaguliwa, wakapiga, wakaondoka. Siidharau kazi ile. Bila studio zile nusu ya urithi wetu wa muziki wa dansi ungepotea, na mafundi mitambo wale walikuwa na masikio. Lakini studioni hamna hadhira. Wimbo wa dansi una sehemu mbili: ile ya taratibu inayobeba kisa, na chemko, pale magitaa na tarumbeta yanapopamba moto na waimbaji wanarudiarudia kipande kimoja kwa kukijaza mambo mapya. Redioni chemko linafifishwa ili kipindi kinachofuata kiingie. Kwenye kanda ya mjomba mambo ni kinyume. Wimbo wa tatu upande wa kwanza, kisa kinachukua dakika nne, chemko kumi na moja.

Huo wimbo wa tatu ndio hoja yangu yote. Mume anamsihi mkewe arudi nyumbani, anakiri makosa, anataja watoto. Ukiyaandika maneno hayo karatasini, utamaliza uhakiki kabla chai haijapoa: dhamira kuu ni ndoa, dhamira ndogo ni malezi, msanii anaiasa jamii, falsafa yake ni usuluhishi. Tumeziandika sentensi hizi wote, tusidanganyane. Sasa weka kanda. Mwimbaji anafika pale anapomwomba arudi, na karibu kabisa na kinasa sauti, meza ya pili nadhani, mwanamke anasema kwa sauti kavu: "Arudi kwa lipi?" Meza nzima inaangua kicheko. Kiitikio kinapozunguka tena, anauliza tena, safari hii na wenzake wawili. Mara ya tatu wanawake wa upande ule wote wanaitikia, na mpiga solo, ambaye bila shaka amesikia, anashikilia kale kakipande kake na kuwaachia nafasi ya kuuliza.

Je, dhamira ya wimbo huo bado ni usuluhishi? Kwangu mimi, ukumbini mle uliimbwa wimbo mwingine. Wanaume jukwaani waliomba, wanawake mezani wakakataa, na gitaa likakaa katikati yao. M. M. Mulokozi, katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi iliyotoka katika Mulika mwaka 1989, alitufundisha kwamba fasihi hii hutokana na mwingiliano wa fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio, mahali na wakati. Katika mtihani tunayakariri yote sita bila kukosea hata moja. Halafu, kesho yake, tunaletewa wimbo wa dansi, tunachukua maneno ya fanani peke yake na kutupa matano yaliyobaki.

Hata hivyo, kanda hii si shahidi asiye na upande. Inasikia kutoka meza ya mjomba tu. Tarumbeta ziko mbali kama zinapigwa Ilala. Gitaa la solo liko puani. Redio kaseti za aina ile hujirekebisha sauti zenyewe, kwa hiyo besi ikigonga kwa nguvu kila kitu kinamezwa, kisha polepole kinarudi. Katikati ya wimbo wa tano upande wa kwanza unakwisha, na mjomba, ambaye alikuwa amekwenda kununua kinywaji, anachelewa kugeuza. Jambo kubwa zaidi: yule mwanamke angekaa meza nne mbele, nisingekuwa na makala. Nani ajuaye meza nyingine zilijibu nini?

Liko na lingine, gumu zaidi, na sina hakika kama nimelitatua. Kanda ilipofika Soni ilichezwa miaka na miaka. Shangazi zangu wakiwa jikoni wanamenya viazi walikuwa wakiingoja ile "Arudi kwa lipi?" na kuitamka pamoja naye, papo hapo, bila kukosea hata pumzi. Kitu kilichozuka mara moja, kwa bahati, kimegeuka msahafu. Wapenzi wa muziki wa roki wanalijua tatizo hili. Tamasha la Led Zeppelin la Los Angeles, tarehe 4 Septemba 1970, lilinaswa na watazamaji wenyewe, likauzwa kwa magendo chini ya jina la Live on Blueberry Hill. Deep Purple nao, baada ya kanda za magendo kuzagaa, walirekodi rasmi maonyesho yao ya Osaka na Tokyo ya Agosti 1972, ikatoka sahani ya Made in Japan. Magitaa yaliyobuniwa papo kwa papo usiku ule leo vijana huyajifunza noti kwa noti. Basi ninapodai kwamba kanda inatuhifadhia utendaji, nikiri pia kwamba inaugandisha. Shangazi hawakuwa wakimjibu mwimbaji. Walikuwa wakikariri jibu la mwenzao. Ingawa, nikikumbuka jinsi mmoja wao alivyokuwa akimtazama mumewe kila kikifika kipande kile, nasitasita kuandika kwamba walikuwa wakikariri tu.

Deep Purple sikuwataja kwa kujionyesha. Kaseti yenyewe ilikuwa yao. Mjomba aliinunua ikiwa tayari na nyimbo, akaziba vile vitundu vya juu kwa karatasi iliyotafunwa ili iweze kurekodi, na upande wa pili, Sikinde wanapokwisha, zinafuata sekunde kama arobaini za kinanda na gitaa la Waingereza hao, kisha kimya. Udogoni niliamini ni Sikinde wale wale, wamekasirika.

Kuhusu ubora wa bendi usiku ule, mimi naona walianza kwa uvivu. Nyimbo mbili za kwanza zinapigwa kama watu wanaohesabu viti. Ni lile swali la mwanamke lililowaamsha; kuanzia hapo ngoma zinabana, waimbaji wanapokezana bila kugongana, na hata yule mwimbaji ambaye sauti yake imeanza kukwaruza anautumia mkwaruzo huo kama anayetania umri wake mwenyewe. Wakongwe wanajua kutumia kilichobaki. Upande wa pili siwezi kuuhukumu kwa haki kwa sababu betri za mjomba zilikuwa zinakwisha. Betri zikichoka wakati wa kurekodi, mkanda huzunguka polepole. Ukija kuucheza kwa betri nzima, kila kitu kinakimbia na sauti zinakuwa nyembamba kama za watoto wa chekechea. Kule nyumbani tuligundua dawa yake bila kujua fizikia. Msimu wa ukungu, jua likikosekana la kuanikia betri juu ya bati, redio nayo ilikuwa inachoka, na hapo ndipo upande wa pili ulipokuwa ukiimba sawasawa.

Mjomba ni mzee sasa, haendi tena Kariakoo. Mwaka jana nilipeleka kanda kwa kijana mmoja mwenye studio ndogo anihamishie kwenye kompyuta. Akanifanyia na hisani nisiyoiomba: akasafisha kelele. Muziki ukatoka mweupe, tarumbeta zikasogea, na "Arudi kwa lipi?" ikawa mnong'ono usiofahamika. Nimemrudisha aanze upya. Ile kaseti yenyewe ninayo hosteli. Atakayetaka kuusikiliza upande wa pili na aje, ila aje na betri zilizochoka.