Kwanta, Msaada na Ushirikiano: Uhakiki wa Maneno Matatu

Tarehe 7 Juni 2024, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliutangaza mwaka 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayansi na Teknolojia ya Kwanta. Azimio hilo liliwasilishwa na Ghana. Shabaha yake mojawapo ni kuwafahamisha wananchi umuhimu wa sayansi ya kwanta na matumizi yake. Mtu atakaye kuieleza habari hiyo kwa Kiswahili hawezi kuyakwepa maneno matatu: kwanta, msaada na ushirikiano. Makala haya yanakusudia kuyahakiki, kwani istilahi isiyopimwa humfanya mwananchi agharimie jambo asiloweza kulihoji.

Tuanze na kwanta. Wako waandikao kwantamu, na wako wapendekezao chembe. Chembe haifai. Neno hilo lina kazi yake katika fizikia, nalo hutaja kitu. Kwanta ni kiasi, yaani kile kipimo kidogo kabisa ambacho nishati hutolewa au kupokewa bila ya kugawanyika, kama alivyodai Max Planck mwaka 1900. Baina ya kwantamu na kwanta, tunaipendelea kwanta. Ni fupi, nayo inakaa vizuri katika ngeli moja na elektroni na fotoni: kwanta moja, kwanta nyingi.

Lakini neno kukubaliwa na kamati si neno kueleweka. Mwandishi wa makala haya alilichukua neno hilo hadi Mgeta, katika Milima ya Uluguru, akalitaja sokoni mbele ya mama mmoja auzaye mboga. Lilipita kama upepo. Mwandishi alipoomba auziwe nusu fungu la karoti, mama yule alijibu, "Mwanangu, fungu halivunjwi. Chukua moja, au mawili, au uache." Hapo ndipo maelezo yalipopatikana. Nishati nayo huuzwa kwa mafungu. Mwanga ukifika kwenye paneli ya sola iliyo juu ya paa la bati, kila fungu huweza kuing'oa elektroni moja mahali pake. Fungu likiwa dogo mno, hata mwanga ukimiminwa mwingi namna gani, umeme haupatikani. Albert Einstein alikwisha kuonyesha mwaka 1905 kwamba mwanga hutenda kwa mafungu ya namna hiyo.

Je, basi tuseme nadharia ya mafungu? La. Fungu limekwisha kubeba mizigo mingi, pamoja na mafungu ya bajeti yapitishwayo na Bunge. Kwanta na libaki kuwa istilahi, na fungu litumike katika fasili yake. Kosa letu sisi watunga istilahi ni kuchapa orodha za maneno pasipo fasili, kisha tukalalamika kwamba wananchi hawayatumii.

Neno la pili ni msaada. Serikali inapotenga fedha kwa ajili ya utafiti, husemwa kwamba imetoa msaada kwa wanasayansi. Msaada una mtoaji na mpokeaji, na mpokeaji hushukuru. Ufadhili ndio mzito zaidi, maana ndani yake mna fadhila. Lakini fedha ya Serikali hutokana na kodi, na kodi hiyo humgusa hata yule mama wa karoti anunuapo sabuni. Utafiti ni kazi ya taifa. Kwa hiyo neno lifaalo ni ugharimiaji: agharimiaye ana haki ya kuuliza kazi imefika wapi. Mwenye kupewa fadhila haulizi.

La tatu ni ushirikiano, na hapa sarufi yenyewe inatufundisha. Kushiriki ni kuwamo. Kushirikishwa ni kutiwa na mwingine. Kushirikiana, kwa kiambishi chake cha kutendana, hudai kila upande utende. Mgeta inao mfano. Katika miaka ya 1980 mbuzi wa maziwa wa kutoka Norwei waliletwa huko, na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kimefanya utafiti juu yao pamoja na wafugaji. Mbegu ilitoka ng'ambo. Malisho, banda na uangalizi wa kila siku vilitoka kwa wenyeji. Kama wenyeji wasingalitenda, pangalikuwa na mbuzi walioletwa tu, si ushirikiano.

Kipimo hicho hicho kitumike katika fizikia. Mwaka 1964 Abdus Salam aliasisi huko Trieste, Italia, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, ambacho kimewapokea wanasayansi wengi wa nchi changa. Mwaka 2018 taasisi mwenzi ya kituo hicho ilianza kazi Kigali, katika Chuo Kikuu cha Rwanda. Kumpeleka kijana Trieste akasome ni kushirikishwa. Kuwa na taasisi Afrika ya Mashariki, yenye walimu na maswali yake, ni kuanza kushirikiana.

Tunapendekeza basi: kwanta, pamoja na fasili ya fungu lisilovunjika, ugharimiaji mahali pa msaada, Serikali inapolipia utafiti, na ushirikiano pale tu ambapo kila upande una kazi yake. Wasomaji wenye hoja tofauti wanaombwa wazilete katika kurasa hizi. Kabla ya kuzileta, wazipitishe kwanza sokoni.